Rangi Si Uchafu

Nilikuwa dereva wa gari la matangazo la Kampuni ya Sabuni ya Korongo hapa Mwanza kuanzia mwaka 1955. Nimewabeba watangazaji wengi, na wengi wao nimewasahau hata majina. Sihaba binti Abeid sijamsahau. Yale aliyoyafanya Kigongo mwaka 1958 nimeyasimulia mara nyingi, ila kuna kipande kinachonihusu mimi ambacho nimekuwa nikikiruka. Leo sikiruki.

Alikuja ofisini akiwa na miaka ishirini na minne. Baba yake alikuwa fundi cherehani Mabatini. Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka miwili. Alipoolewa akaachishwa kazi, maana ndivyo walimu wanawake walivyofanyiwa siku zile, na ndoa ilipovunjika akajikuta hana mume wala chaki. Alikuwa mrefu, mweusi hasa, weusi ule wa kung'aa. Tena alikuwa na tabia ya kumtazama mtu machoni wakati wa kuzungumza, jambo ambalo liliwakera watu wengi kuliko walivyokuwa tayari kukiri.

Meneja wetu, Mwingereza aliyeitwa Bwana Pelham, alimwuliza anajua nini habari za kuuza.

"Nimewauzia watoto sitini herufi za alfabeti," Sihaba akajibu, "na hawakuwa na haja nazo. Sabuni itanishinda?"

Bwana Pelham akacheka, akampa kazi.

Siku ya kwanza nilimpeleka sokoni Magu. Watangazaji waliomtangulia walikuwa wakipanda juu ya gari na kupayuka: Korongo! Povu jingi! Bei nafuu! Kina mama walikuwa wakipita kama hawana masikio. Waliotusogelea ni watoto, na kwa kuwa watoto hawanunui sabuni, sisi tulikuwa tukiwafukuza. Sihaba hakumfukuza hata mmoja. Alikaa juu ya kasha la sabuni, akashika kipaza sauti, akasema taratibu, "Palikuwa na msichana Ukerewe aliyeambiwa kwamba wasichana hawachongi mitumbwi."

Kisha akanyamaza. Watoto wakangoja. Hata muuza dagaa aliyekuwa jirani yetu akaacha kupima, akangoja.

Yule msichana wa hadithi akachonga mtumbwi, ukazama. Akachonga wa pili, nao ukazama. Alipouingiza wa tatu majini, waliokuwa wakimcheka walikuja ufukoni kusubiri uzame. "Na mpaka leo wanasubiri," Sihaba akasema. "Sasa msichana amerudi na samaki, mikono imejaa utomvu na masizi. Ataioshea nini?"

"Korongo!" watoto wakalipuka.

Kina mama waliokuja kuwatafuta watoto wao walikuwa wamesimama palepale, midomo wazi. Tulirudi mjini na makasha matupu.

Baada ya miezi michache Sihaba akamshauri Bwana Pelham kwamba kila mche wa sabuni ufungwe kwa karatasi yenye picha upande mmoja na hadithi upande wa pili. Bwana Pelham akakubali kwa majaribio. Mpiga chapa alikuwa Rutashobya, Mhaya Mlutheri kutoka Bukoba, mtu mkimya ambaye angeweza kuvumilia njaa kuliko mkato uliokaa pasipo pake. Wakati mwingine walibishana nusu siku juu ya neno moja. Karatasi zikatoka zimeandikwa juu: *Hadithi za Dada Sihaba.* Katika hadithi hizo watoto, hasa wasichana, walikuwa wakikataa mambo. Mmoja alikataa kuozwa kabla hajajua kusoma barua ya posa yake mwenyewe. Mwingine alimwambia mtemi kwamba kisima ni cha watu. Watoto wa Mwanza hata Geita wakawa wanawasumbua mama zao wanunue Korongo, wapate karatasi. Nimeona kwa macho yangu mtoto akilia dukani kwa sababu amepewa hadithi ambayo tayari anayo.

Kigongo, pale pantoni inapovuka kwenda Busisi, kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka tisa aitwaye Kashindye. Aliishi na bibi yake, Bibi Tereza, na walikuwa wakiwauzia abiria michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Shule hakuwahi kuingia. Kusoma alijifunza kwenye karatasi za sabuni. Karani wa pantoni alimwonyesha herufi, na zilizobaki alizifuata mwenyewe kwa kidole. Kila tulipofika alikuwa wa kwanza kulifikia gari, na hakuwa na salamu ndefu.

"Shikamoo, Dada. Yule msichana wa kisima, mtemi alimjibu nini?"

"Marahaba. Karatasi iliishia pale."

"Najua iliishia pale. Nauliza alimjibu nini."

Sihaba alimpenda mtoto yule kwa namna ambayo hakuificha. Hadithi mbili tatu alimsomea kwanza Kashindye kabla ya kuzipeleka kwa Rutashobya, na mtoto alipokunja uso, hadithi ilirudi kuandikwa upya.

Mwanzoni mwa mwaka 1958 ikaletwa sabuni mpya, ya kuogea, iliyoitwa Nuru. Bwana Pelham alituita mimi na Sihaba ofisini, mimi kwa ajili ya kubeba makasha. Juu ya meza kulikuwa na karatasi mpya zenye picha za rangi. Kushoto, msichana mweusi amesimama peke yake, kichwa ameinamisha. Kulia, msichana yuleyule ameoga kwa Nuru, amekuwa maji ya kunde, wenzake wamemzunguka na mama yake amemkumbatia.

"Andika hadithi ya kufuatana na picha," Bwana Pelham akasema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila kilikuwa cha kuagiza tu.

Sihaba aliitazama karatasi muda mrefu. "Bwana, picha hii inasema kwamba mama yake hakumpenda mpaka alipobadilika."

"Inasema sabuni ni nzuri."

"Mimi naona inachosema."

"Bi Sihaba, picha imetoka Nairobi. Karatasi elfu ishirini zimeshapigwa chapa upande mmoja. Upande wa pili nautaka Ijumaa. Ukishindwa, nitampata mwingine."

Aliandika. Nataka lieleweke hilo, kwa kuwa baadaye watu walimfanya kama malaika aliyeshuka na upanga. Aliandika habari za msichana aliyeoga kwa Nuru asubuhi na jioni kwa siku saba, na siku ya saba watu wakamwona na kumpenda. Niliisoma nikiwa kwenye usukani. Ilikuwa hadithi nzuri. Ubaya wake ulikuwa hapohapo.

"Usinitazame hivyo, Kaka Ally," akaniambia. "Nyumbani nina watu watano wanaonitegemea. Halafu ni hadithi tu."

Sikuwa nimemtazama vyovyote. Mimi pia nilikuwa na watu nyumbani.

Tuliigawa Nuru mjini, kisha Usagara, mpaka ikafika zamu ya Kigongo wiki tatu baada ya karatasi za kwanza kutangulia huko kwa wenye maduka. Tulipoegesha, watoto walikuja mbio kama kawaida, lakini Kashindye hakuwamo. Pale alipokuwa akikaa na ungo wake wa michembe palikuwa patupu.

Tukaenda nyumbani kwao, nyuma ya vibanda vya chai. Bibi Tereza alikuwa mlangoni akichambua mtama.

"Shikamoo, bibi," Sihaba akasema.

Bibi Tereza hakuitika. Mtu mzima kukataa shikamoo ni jambo zito. Baadaye akasema, bila kuinua uso, "Ingia umwone mwanafunzi wako."

Kashindye alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono ameinyoosha mbele yake kama mtu anayebeba kuni. Kuanzia kwenye viganja hadi kwenye viwiko ngozi ilikuwa imechubuka, pengine nyekundu, pengine imeanza kutunga usaha, imepakwa mafuta ya ng'ombe. Alikuwa amejisugua kwa Nuru na jiwe la kusugulia miguu. Alipomwona Sihaba alitaka kusimama kwa furaha, akashindwa kujishika.

"Dada," akasema, "nilihesabu siku saba, nikaona bado. Nikafika tisa. Bibi akaninyang'anya jiwe. Niambie, nimekosea wapi?"

Sihaba alipiga magoti. "Hukukosea wewe. Nimekosea mimi."

"Wewe hukosei kwenye hadithi."

"Hii nilikosea. Nilijua ni uongo wakati naiandika."

Kashindye akamtazama. Sijawahi kuona mtu mzima akitazamwa hivyo na mtoto. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, "Na ile ya mtumbwi?"

Nilitoka nje. Nilimsikia Sihaba akijibu, ila sikuyasikia maneno. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu lakini mwendo ulikuwa wa mtu anayejua anakokwenda. Alipita mbele yangu moja kwa moja mpaka kwenye gari, akapanda juu.

"Washa kipaza sauti, Kaka Ally."

Foleni ya pantoni ilikuwa ndefu. Kulikuwa na malori ya pamba, watu wa baiskeli, kina mama na mizigo, askari wawili. Mwaka ule ng'ambo, upande wa Geita, watu walikuwa wamechoshwa na mambo ya watawala, na mkusanyiko wowote usio na kibali ulitazamwa kwa jicho baya. Gari letu lilikuwa na kibali cha kutangaza sabuni.

"Dada, tumetumwa kutangaza Nuru," nikamwambia.

"Ndiyo. Naitangaza. Washa."

Nikawasha.

"Jamani wa Kigongo, mimi ndiye Sihaba. Karatasi ya Nuru iliyoko mikononi mwenu niliiandika mimi, kwa mkono huu. Ni uongo. Nuru ni sabuni kama sabuni nyingine. Sabuni hutoa uchafu; itakuondolea jasho, itakuondolea tope. Rangi yako haitaitoa, kwa sababu rangi si uchafu. Kuna mtoto hapa jirani amejichubua mikono kwa kuniamini. Kama una karatasi hiyo nyumbani, washia moto. Kama una mtoto aliyeisoma, mwite, umwambie Sihaba alisema uongo."

Mtu mmoja kwenye lori akacheka, mwenzake akamnyamazisha. Kisha Sihaba akaketi juu ya kasha, palepale mbele ya macho ya watu, akaanza kutunga.

Akasema palikuwa na mfanyabiashara aliyekuwa akiuza rangi mpya kwa kila kitu kilichokuwa cheusi. Aliuuzia udongo wa mbuga rangi nyeupe, na mwaka ule pamba haikuota, mtama haukuota. Aliuuzia usiku rangi nyeupe, na wavuvi wakaingia ziwani na taa zao wasiambulie kitu, maana dagaa hufuata taa penye giza. Watu wakaanza kufa njaa, huku wakisifiana jinsi kila kitu kilivyong'aa. Mwisho mfanyabiashara akamfikia msichana mmoja aliyekuwa akiota moto. "Na wewe nikuuzie?" Msichana akamwuliza, "Nina kasoro gani?" Yule mtu akafungua daftari lake akatafuta, akatafuta, asione kasoro iliyoandikwa. "Basi," msichana akasema, "mwenye kasoro ni duka lako. Rudisha usiku wetu, rudisha udongo wetu, na uondoke kabla sijawaita wenye njaa."

"Akaondoka?" sauti ikauliza. Kashindye alikuwa amesimama kando ya gurudumu la mbele, mikono ameinyoosha vilevile.

"Aliondoka mbio."

"Aliurudisha usiku kwanza?"

"Kwanza."

Kashindye akatikisa kichwa kukubali. Pantoni ilikuwa imeshafika na hakuna aliyekuwa amesogea kuipanda. Karani alilazimika kupiga filimbi mara tatu. Tukavuka pamoja nao, na kule Busisi Sihaba akasema yaleyale, neno kwa neno, na safari hii watoto waliokuwa wamevuka na sisi walimtangulia: "Sabuni hutoa uchafu! Rangi si uchafu!" Sihaba alikuwa mtu wa matangazo, alijua maneno gani yanakaa kinywani.

Siku ya pili yake Bwana Pelham alikuwa ameshapata habari. Alimwita Sihaba, akaacha mlango wazi ili sote tusikie.

"Utarudi Kigongo na Busisi. Utasema ulikuwa unaumwa, ulichanganyikiwa."

"Siumwi."

"Kampuni imekulisha miaka miwili."

"Na mimi nimeilisha kampuni. Tuko sawa."

"Unajua kwamba naweza kukuita mchochezi? Siku hizi neno hilo halihitaji ushahidi mwingi."

"Andika hivyo, Bwana. Andika kwamba Sihaba amechochea watoto wasijichubue ngozi. Nitakusaidia kusahihisha Kiswahili chake."

Bwana Pelham alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Umefukuzwa. Na jina Dada Sihaba ni mali ya kampuni. Hadithi zote ni mali ya kampuni."

"Karatasi ni zenu, zichukueni. Jina nilipewa na baba yangu."

Alipotoka alipita mbele yangu, akasimama nyuma ya mlango kujifunga khanga yake vizuri. Bwana Pelham akaniita mimi. Na hiki ndicho kipande ninachokiruka. Aliniuliza nani aliwasha kipaza sauti. Nikasema, "Alininyang'anya, Bwana. Alinisukuma, akawasha mwenyewe." Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Nilibaki na kazi yangu. Nilipotoka ofisini Sihaba alikuwa bado yupo pale nyuma ya mlango. Alinitazama machoni kama alivyozoea, akaondoka.

Rutashobya, mpiga chapa, ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Sihaba alimwendea na hadithi ya mfanyabiashara wa rangi, akamwomba aipige chapa. Rutashobya akakataa. Korongo ndiyo iliyokuwa ikimpa kazi kubwa kuliko wote, wakimwacha, atafunga karakana. Sihaba hakubembeleza. Alikunja karatasi yake akageuka.

"Jumapili mimi nipo kanisani mpaka saa nane," Rutashobya akamwambia akiwa ameshafika mlangoni. "Jumapili sifanyi kazi kabisa. Lakini mlango huwa sifungi, na mashine haina dini."

Sihaba akaenda Jumapili nne mfululizo. Alizipanga herufi mwenyewe, moja moja, na kwa kuwa hakuwa fundi, mistari ilipanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Jumapili ya nne Rutashobya alirudi mapema, akazisoma zile kurasa huku akivuta pumzi kwa uchungu, akavua koti, akaanza kurekebisha mikato. Siku hiyo aliivunja Jumapili yake, na mpaka anakufa hakupenda kukumbushwa.

Lakini hadithi peke yake haiwalishi watu watano. Kule Kirumba alikuwapo mzee mmoja, Mzee Msafiri, aliyekuwa akipika sabuni ya kufulia uani kwake kwa mafuta ya mbegu za pamba. Sihaba akamwendea, akamwambia anataka kumuuzia sabuni yake pwani yote ya ziwa.

"Binti yangu, sabuni yangu inanuka," mzee akasema.

"Inanuka, baba, lakini haijamdanganya mtu."

"Nitakulipa nusu ya ulichokuwa unapata."

"Nusu nitaichukua. Sharti moja. Kila mche nitaufunga kwa karatasi yangu, na kilichoandikwa juu yake hatakigusa mtu. Hata wewe."

Mzee Msafiri hakujua kusoma, sharti halikumsumbua. Sihaba akanunua baiskeli ya mkono wa pili, akaanza kuzunguka na sabuni ile yenye harufu, Igoma, Buswelu, Magu, na kwa mitumbwi mpaka Nansio. Mwanamke juu ya baiskeli mwaka ule alikuwa sinema ya bure. Walimzomea. Shehe mmoja alimfuata baba yake kulalamika. Fundi Abeid aliendelea kushona, akasema, "Amemtia nani aibu? Gauni la kupandia baiskeli nimemshonea mimi."

Sitasema Nuru iliacha kununuliwa. Mjini iliendelea kwenda, hata kwa wake za makarani waliojua kusoma. Kampuni ikamwajiri mtangazaji mwingine, Felicitas, msichana mpole aliyekuwa akitetemeka kila alipopanda juu ya gari, ikaagiza tuirudie njia yote ya Kigongo na Busisi tukiwa na picha ile ile, imekuzwa na kubandikwa ubavuni mwa gari.

Tulifika Kigongo asubuhi ya soko. Felicitas alifungua mdomo, akasema, "Nuru, sabuni ya—" na hakuendelea. Mbele ya gari alikuwa amesimama Kashindye. Mikono ilikuwa imepona, yenye mabaka ya makovu, na alikuwa ameiinua juu yote miwili ili ionekane. Kisha akaanza, peke yake: "Sabuni hutoa uchafu!" Nyuma yake, kutoka kwenye vibanda, kwenye mitumbwi, chini ya malori, watoto wakamjibu. Sijui walikuwa wangapi. Felicitas akaongeza sauti, nao wakaongeza. Msimamizi wa mauzo, aliyekuja nasi siku ile kuhakikisha mambo yanakwenda, akanigeukia akiwa ametoka jasho.

"Ongeza sauti ya chombo! Ongeza mpaka mwisho!"

Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Nilimtazama Kashindye, naye akanitazama. Nadhani alikuwa na tabia ile ya mwalimu wake. Nikazima.

"Betri imekufa," nikasema.

"Haijafa. Nimekuona ukizima."

"Basi nimezima."

Alinifukuza palepale, nikarudi mjini kwa miguu na kwa lifti ya lori la pamba. Wiki ile ile nilikwenda Kirumba kwa Mzee Msafiri. Sihaba alikuwa uani, anakata miche kwa waya. Nikamwambia nilichomwambia Bwana Pelham siku ile, maneno yote.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Naomba radhi."

Akakata mche mwingine. "Mimi nilimwomba radhi mtoto wa miaka tisa, na mikono yake haikurudi kuwa ilivyokuwa. Radhi ni kitu kidogo, Kaka Ally. Unajua kuendesha mtumbwi wa mashine?"

Sikujua. Nikajifunza.

Picha zile zilitolewa madukani kando ya ziwa mwaka uliofuata, kimya kimya, bila kampuni kutoa sababu. Bwana Pelham akaenda kwao. Uhuru ulipokuja, Desemba 1961, sisi tulikuwa Nansio na shehena ya sabuni, tukaushangilia huko, na Sihaba alikuwa na vitabu vidogo sita vya watoto vilivyoshonwa kwa uzi na baba yake, kurasa kumi na sita kila kimoja, chapa ya Rutashobya. Walimu walikuwa wakivinunua pamoja na sabuni. Kashindye alikuwa ameingia shule ya misheni, mwenye umri mkubwa kuliko darasa lake, na alikuwa akimwandikia Sihaba barua za kulalamika kuhusu miisho ya hadithi.

Miezi michache baada ya uhuru gari zuri likasimama mbele ya ua wa Mzee Msafiri. Akashuka Bwana Ngosha, meneja mpya wa Korongo, kijana wetu kabisa, Msukuma wa Kwimba aliyekuwa amesoma Makerere. Alitusalimu kwa adabu, akakaa kwenye kigoda bila kuogopa kuchafua suruali, akasema alikuwa akisoma hadithi za Dada Sihaba tangu yuko chuoni. Kampuni ilimtaka arudi, si kama mtangazaji bali mkuu wa matangazo yote, na gari, na nyumba. Walikuwa wanaleta bidhaa mpya, krimu ya uso kwa kina dada wa mjini. Akatoa karatasi. Sihaba akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama. Uso wa kwanza mweusi, uso wa pili maji ya kunde. Msichana wa safari hii alikuwa na kibendera cha Tanganyika mkononi.

"Bwana Ngosha," Sihaba akasema, "wewe umeona nini hapa?"

"Dada, mambo yamebadilika. Zamani walikuwa wakituuzia wao. Sasa kampuni tunaiendesha sisi. Faida inabaki hapa. Huoni tofauti?"

"Tofauti naiona. Wewe ni kijana wetu, na nimefurahi kukuona kwenye kiti kile. Nilidhani nitakufa kabla. Lakini rangi ya meneja haibadilishi maana ya picha."

"Ukikataa watamtafuta mwingine."

"Mwambie huyo mwingine nitakuwa nyuma yake, kila soko atakalokwenda, kwa baiskeli. Yeye akimaliza kusema, mimi nitaanza."

Bwana Ngosha aliinamisha kichwa. Hakukasirika, ningesema alionekana kama mtu aliyetumwa na watu asiowapenda lakini asioweza kuwakataa. Aliomba kununua vitabu vyote sita kwa ajili ya binti yake. Sihaba akamuuzia kwa bei ya kila mtu, akamfungia kwa kamba, akamsindikiza mpaka kwenye gari akimweleza kipi aanze nacho, maana cha nne kinamtisha mtoto asiyejua kuogelea.

Kisha akarudi uani, akaigeuza ile karatasi ya krimu upande wa pili. Ilikuwa nyeupe, laini, karatasi ya gharama. Akachukua kalamu, akakaa kwenye kigoda kile kile, akaanza kuandika juu yake hadithi ya kitabu cha saba. Mzee Msafiri akauliza kama boti itaondoka leo au haitaondoka. Nikamwambia anyamaze kidogo, mtu yuko kazini.